Dirisha Letu Linaangalia Mava, na Mke Wangu Anataka Tuhame

Washauri wa safu hii, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina mke na binti mmoja wa miaka sita. Huu ni mwaka wa tatu nafuata mafundisho ya Buddha. Nilianza kwa kusoma, kisha nikawa nakwenda hekalu la Upanga, Dar es Salaam, kila nikipata likizo. Mke wangu ni Mkristo, na jambo hilo halijawahi kutugombanisha.

Miezi miwili iliyopita tulihamia nyumba ya vyumba vitatu. Kodi yake ilikuwa nafuu kuliko zote tulizoziona, tukalipa miezi sita. Ukuta wa uani umepakana na mava ya Waislamu. Kutoka dirisha la mtoto hadi kaburi la kwanza ni hatua kama thelathini. Ng'ambo ya barabara jirani zetu Wahindu wana mahali pao pa kuchomea maiti, na siku nyingine moshi unatuingilia hadi jikoni. Maji tunateka kisima cha uani.

Mke wangu hana raha tangu siku ya kwanza. Mama mkwe ndiye aliyemaliza mambo: alilala kwetu usiku mmoja, asubuhi akasema nyumba ina nuhusi na majini, tuhame. Mtoto naye aliona dirishani maiti ikishushwa mwanandani. Tangu hapo anaamka usiku analia, anauliza yule mtu anapataje hewa.

Mimi niliona nimepata bahati, kwa sababu nimesoma kwamba watawa wa Kibudha walikuwa wakiishi makaburini ili wakitafakari kifo. Kwa hiyo wiki tatu sasa naruka ukuta saa tano usiku, nakaa juu ya kaburi moja lililosakafiwa, nafumba macho. Sijawahi kufika dakika kumi. Moyo unanienda mbio, nasikia vishindo, narudi ndani. Mke wangu hajui. Akiamka namwambia nilikuwa chooni.

Naomba mnieleze: katika Ubudha, nyumba iliyo karibu na makaburi ina nuhusi? Marehemu wanaweza kutudhuru? Nifanyeje nilikamilishe lile zoezi? Na je, nihame au nibaki?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwalimu.

Usiruke tena ule ukuta. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo lenye hatari ya usiku wa leo.

Tanga unaijua. Mtu anayekutwa mavani saa tano usiku, peke yake, kimya, amekaa juu ya kaburi, watu watamwita mwanga, na hatapata nafasi ya kuwaeleza vijana wenye marungu kwamba alikuwa katika taamuli. Tena kwa Waislamu kukalia kaburi kumekatazwa. Hata usipoonekana, umekwishawavunjia heshima wenye maiti wao.

Maandishi ya Kibudha yenyewe yaliliona jambo hili zamani. Zoezi ulilolisoma limeelezwa kwa kirefu katika Visuddhimagga, yaani Njia ya Utakaso, kitabu alichokiandika mtawa Buddhaghosa huko Sri Lanka katika karne ya 5. Mtawa anayetaka kukaa makaburini anaambiwa kwanza amjulishe mkuu wa watawa au mwenye mamlaka wa mahali pale. Sababu yake ni ya duniani kabisa: wezi hukutana makaburini, na wakifukuzwa huiangusha mali karibu na mtawa wakatokomea. Wenye mali wakifika wanamkamata yeye. Hapo ndipo mkuu wake atakapoweza kusema, mwacheni huyo, aliniaga kabla ya kwenda. Wewe hukumuaga hata mkeo.

Sharti jingine linahusu vile vishindo. Anaambiwa aende kwanza mchana, akitazame na kukitambua kila kilichopo, ili usiku kisije kikamgeukia umbo la kutisha. Wewe uliingia gizani mahali usipopajua. Kungu ikimponyoka popo ikaangukia bati, hujui kama pale pana mkungu wala kama pana bati, basi akili inajaza yenyewe. Buddha mwenyewe, akisimulia siku zake kabla ya kuamka kiroho na kuwa Buddha, alisema alikwenda kwa makusudi kukaa usiku katika misitu na mahali pa ibada palipoogopwa. Swala akipita, tausi akivunja kijiti, upepo ukitikisa majani makavu, alijiambia, bila shaka ndiyo ile hofu inakuja. Kisha hakubadili mkao. Hofu ikimkuta anatembea, aliendelea kutembea hadi ikatulia, hakuketi wala hakulala. Ikimkuta ameketi, alibaki ameketi. Wewe kila mara unaikimbia hofu, na kwa wiki tatu umeufundisha mwili wako kwamba mavani ni mahali pa kukimbiwa. Ndiyo maana hupigi hatua.

Lakini liko jambo kubwa zaidi, na pengine kurasa ulizosoma hazikulifikia. Mazoezi ya kujinyima katika kitabu hicho yapo 13, na kukaa makaburini ni mojawapo. Mwishoni kitabu kinagawa nani anaruhusiwa lipi. Watawa wanaume waliopokewa kikamilifu katika utawa wanaruhusiwa yote. Waumini wa kawaida, wenye nyumba na watoto, wamepewa mawili tu, na yote ni ya chakula: kula kwa kikao kimoja kwa siku, na kula kutoka bakuli moja. Makaburi hayamo katika fungu lako. Mtawa wa makaburini alitakiwa hata asiingie majumbani mwa watu, na aache samaki, nyama, maziwa, mafuta na sukari, kwa kuwa vyakula hivyo viliaminika kuwavuta viumbe wasioonekana. Wewe unatoka kaburini unakwenda kulala kando ya mkeo na mtoto. Umechukua kipande cha maisha ya mtu mwingine.

Kilicho chako, na hakuna wa kukunyima, ni ile tafakuri yenyewe. Imo katika hotuba ya Buddha juu ya misingi ya uzingativu, ambayo watu wengi, watawa na wasio watawa, huifanya bila kuona maiti hata moja. Fanya hivi. Kaa ndani au barazani asubuhi kabla ya kwenda shule, dakika 20, usizidishe katika mwezi wa kwanza. Dakika tano za mwanzo fuata pumzi tu. Kisha chukua hatua moja kati ya tisa, ukae nayo siku tatu au nne kabla ya kwenda nyingine. Ya kwanza ni mwili uliokufa siku moja, mbili au tatu, umevimba, umebadilika rangi, unatoa usaha. Ya pili, unaliwa na kunguru, tai, mbwa na funza. Ya tatu ni mifupa yenye nyama na damu, ingali imeshikwa na kano. Ya nne, nyama imekwisha, damu imebaki. Ya tano, nyama na damu vyote vimekwisha, kano bado zinashika. Ya sita, mifupa imeachana: wa mguu huku, wa mbavu kule, fuvu pengine. Ya saba, imekuwa nyeupe kama kombe lililopigwa na jua pwani. Ya nane ni rundo la mifupa lenye zaidi ya mwaka. Ya tisa, imeoza, imekuwa vumbi.

Kila hatua ina neno lake la kufungia, na neno hilo ndilo zoezi: mwili huu nao ndivyo ulivyo, utakuwa hivyo hivyo, haujaepukana na hilo. Usipolisema na kulielekeza kwako, unabaki mtazamaji wa maiti za watu. Buddhaghosa anaonya waziwazi hapo. Ukitafakari kifo cha umpendaye, anasema, unapata majonzi, kama mama aliyefiwa na mwana. Ukitafakari cha adui, unafurahi. Ukitafakari cha usiyemjua, hupati kitu, kama mchoma maiti aliyezoea kazi yake. Na ukikitafakari chako bila utulivu, unaingiwa na hofu kama mtu mwoga aliyeona muuaji ameinua jambia. Dawa aliyoitoa ni kuwakumbuka waliokwisha kufa, waliokuwa na raha zao na shughuli zao kama wewe, halafu taratibu kujiweka katika mstari wao. Hapo jirani zako wa mavani wanakufaa: asubuhi, mchana kweupe, ukiwa upande wako wa ukuta, watazame dakika moja kabla ya kuketi. Dakika tano za mwisho rudi kwenye pumzi. Usinyanyuke moja kwa moja kutoka kwenye picha ya maiti ukaenda kunywa chai.

Dakika hizo tano za mwisho usizione za kujazia tu. Imeandikwa kwamba karibu na Vesali, mji wa kale wa India, Buddha aliwasifia watawa tafakuri ya uchafu wa mwili, kisha akajitenga kwa nusu mwezi. Aliporudi alikuta idadi imepungua: walikuwa wameuchukia mwili kiasi cha kujiua na kuuawa. Alichofanya ni kuwakusanya waliobaki na kuwafundisha kufuata pumzi. Kwa hiyo jipime kila wiki. Zoezi likienda sawa, unakuwa mwepesi wa kusamehe, unapunguza kununua visivyo na kazi, chakula kinakukaa vizuri. Ukianza kuchukia chakula, kuona kinyaa mwili wa mkeo, kuwatazama wanafunzi wako kama maiti zinazotembea, au kuona maisha hayana maana, simamisha siku hiyo hiyo. Baki na pumzi peke yake, na uongee na mtawa wa Upanga. Na wazo la kujidhuru likikujia, hata mara moja, mwambie mkeo na nenda hospitali usiku huo huo, usingoje likizo.

Tuje kwenye nuhusi. Jibu la Ubudha ni hapana, tena kwa ukali. Buddha alitaja mambo matano yanayomharibia muumini wa kawaida hadhi yake, na moja ni kutegemea ishara za bahati na mikosi badala ya kutegemea matendo. Huko Thailand hekalu la kijiji mara nyingi lina tanuri la kuchomea maiti ndani ya ua wake, na ua huo huo ndio wa sherehe na wa kuwalisha watawa. Huko Japani makaburi ya familia yanapakana na hekalu katikati ya mitaa ya watu. Ukisikia mtu anasema Ubudha unakataza dirisha kutazama makaburi, amechanganya na fengshui, elimu ya Kichina ya kupanga majengo. Hata hivyo usiufanye huu kuwa ushindi juu ya mama mkwe. Wabudha wengi wa kawaida nao wanaogopa makaburi usiku, na hofu yake si ujinga.

Kuhusu marehemu, usimwambie mtu kwamba Ubudha hauamini viumbe wasioonekana, maana si kweli. Mafundisho yanawataja wafu waliozaliwa katika hali ya njaa. Kuna shairi la zamani linalowaeleza wakisimama nje ya kuta, kwenye njia panda, kwenye vizingiti vya nyumba zao za zamani, wakingoja ndugu wawakumbuke. Dawa yao si kufukuzwa. Ni kutolewa sadaka, thawabu yake wakapewa wao. Namna yake ni nyepesi: mpe chakula mtu aliye hai, mfano mchimba makaburi wa pale au mlinzi, kilo mbili za mchele au hata sahani ya wali na samaki. Jioni, nyumbani, weka kikombe ndani ya bakuli. Mimina maji taratibu kutoka kwenye jagi hadi kikombe kijae na kufurika, huku ukisema, thawabu hii iwafikie ndugu zangu, ndugu zangu wawe na raha. Maji hayo uyamwage kwenye shina la mti uani kwako. Usiyapeleke mavani wala usiwashe udi juu ya makaburi ya watu. Waislamu wana dua zao kwa wafu wao, na ile ni ardhi yao.

Sasa nyumba yenyewe, maana mnazozania majini na kuna hatari isiyohitaji jini.

Kisima. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 1998 kuhusu makaburi, lilitaja umbali wa mita 250 kati ya maziko na kisima cha maji ya kunywa. Ninyi mko hatua thelathini. Ukanda wetu wa pwani una mwamba wa matumbawe wenye nyufa, maji hupita upesi bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo mzito. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti, aina ya chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji, na ukichemsha sana maji yakapungua, naitreti huzidi ukali. Naitreti ni hatari hasa kwa mtoto mchanga. Basi maji ya kisima yabaki ya kufulia na kudekia. Ya kunywa na kupikia chukueni bombani au gengeni, kuanzia leo.

Moshi. Moto wa kuni wa maiti moja hula kuni za mamia ya kilo na huendelea kwa saa kadhaa. Angalieni mahali pale pako upande gani wa nyumba. Pakiwa kusini, mtasumbuka zaidi wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba. Pakiwa kaskazini, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Nenda ukawaombe wasimamizi kwa adabu wakujulisheni siku na saa, mfunge madirisha ya upande huo na kupika upande mwingine. Usiende kulalamika. Mwenye msiba hajibizani na harufu.

Mtoto asifundishwe hatua hata moja kati ya zile tisa. Swali lake lina jibu fupi na la kweli: yule mtu amekufa, mwili wake hauhitaji hewa, hausikii baridi wala maumivu, na waliomzika walikuwa wanampenda. Mwambie hivyo hivyo, mchana, amekaa mapajani, na rudia kila akiuliza. Usimwambie amelala, ataogopa kulala. Kabla ya usingizi semeni pamoja maneno matatu: mimi niwe salama, mama na baba wawe salama, wote waliolala hapa jirani na wanaopita wawe na amani. Hiyo ni tafakuri ya wema, na ndiyo inayosimuliwa kwamba Buddha aliwapa watawa waliotishwa na viumbe wa msituni, kisha akawarudisha msitu ule ule.

Nihame au nibaki? Umetuuliza sisi, na wa kuulizwa yuko nyumbani. Katika hotuba aliyompa kijana Sigala, Buddha alitaja mambo matano ambayo mume anadaiwa na mkewe: kumheshimu, kutomdharau, kutotoka nje ya ndoa, kumkabidhi mamlaka ya nyumba, na kumpatia mapambo. La nne ndilo linalokuhusu. Nyumba ikimnyima mkeo usingizi, kauli yake ina uzito kuliko hamu yako ya makaburi. Wewe hutapungukiwa kitu ukihama, kwa sababu kukumbuka kifo hakuhitaji kaburi. Watawa waliwahi kumweleza Buddha jinsi wanavyokikumbuka. Mmoja alifikiri, laiti ningeishi usiku na mchana mmoja. Mwingine, muda wa mlo mmoja. Aliowasifu kuwa wako macho ni wawili: aliyefikiri muda wa kutafuna tonge moja, na aliyefikiri muda wa pumzi moja. Tonge unalo Ngamiani na unalo Chumbageni.

Lakini kabla ya kuzungumza kuhama kuna deni jingine. "Nilikuwa chooni" ni uongo, na kati ya zile kanuni tano za maadili za muumini wa Kibudha unazozishika, ya nne ni kuacha uongo. Mwambie mkeo ulikokuwa unakwenda, wiki ngapi, na kwamba umeacha. Usitangulize hadithi za watawa. Akikasirika, sikiliza mpaka amalize. Kisha mwulize mtoto alale chumba gani, maana kitanda kinaweza kuhama leo hii kabla ya nyumba, na dirisha lile likatiwa pazia zito. Miezi minne ya kodi iliyobaki inawapa muda wa kutafuta pengine bila pupa, au wa yeye kuamua kwamba panakalika.